Kabla Fedha Haijatoka Mkononi

Leo nataka tuzungumze juu ya kununua nyumba. Najua wako watakaosema, "Sisi wa vijijini twajenga, hatununui." Maneno hayo yalikuwa kweli zamani. Siku hizi hapa Kenyamonta, na kwingine katika wilaya za Serengeti na Tarime, watu huuziana nyumba na viwanja kila mwaka, hasa baada ya mavuno, wakati ng'ombe wana bei nzuri mnadani. Mmoja ataka kukaa karibu na barabara, mwingine karibu na zahanati, wa tatu ana deni linalomkaba. Fedha inahesabiwa, karatasi inaandikwa, dole gumba linabandikwa, na watu wanakunywa chai. Ugomvi huja baadaye.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si haki kumfundisha mwenzako hali umeficha lako.

Mimi ni karani wa parokia. Kwa kuwa nilipita chuo cha ualimu, watu huniita Mwalimu, na kwa kuwa mwandiko wangu wasomeka, huniletea barua zao niwaandikie. Miaka mitatu iliyopita alikuja ofisini mzee mmoja wa kijiji chetu pamoja na kijana mwenye nyumba ya bati karibu na barabara. Mzee alikuwa ameuza ng'ombe sita. Mkewe ana ugonjwa wa miguu, na safari ya kwenda zahanati ilikuwa inamwua. Alitaka nyumba ile ili mama apumzike.

"Mwalimu," akaniambia, "tuandikie karatasi nzuri, yenye maneno ya sheria."

Nikaandika. Niliandika "mimi muuzaji nikiwa na akili timamu" na maneno mengine makubwa niliyowahi kuyaona katika karatasi za watu. Mashahidi wawili wakatia sahihi. Mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri. Nikapewa kuku, nikashukuru, nikaenda zangu nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Miezi miwili baadaye mke wa yule kijana alirudi. Alikuwa amekwenda kwa mama yake kujifungua. Alirudi na mtoto mgongoni, akafungua mlango wa nyumba yake, akamkuta mama mgeni amelala kitandani. Mume alikuwa amekwisha kwenda machimboni pamoja na fedha.

Yule mama hakupiga kelele. Alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni akauliza, "Mwalimu, ni wewe uliyeandika?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Wewe hukujua kuwa ana mke?"

Ndugu msomaji, daftari la ndoa la parokia lilikuwa rafuni nyuma ya kiti changu. Majina yao wote wawili yalikuwamo, kwa mwandiko wangu mimi. Nilijua. Lakini sikuuliza.

Tangu siku ile nimetafuta kujua sheria yasemaje. Mimi si wakili. Nimesoma, nimewauliza wanaojua, na maswali ambayo watu huniuliza mara kwa mara nayajibu hapa moja moja.

SWALI LA KWANZA: Je, aliye na nyumba si ndiye mwenye kuuza?

Si lazima. Kwanza fahamu kwamba katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuimiliki na kuitumia, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Kwa hiyo yakupasa kuuliza: haki hiyo ni ya nani, na ni nani mwingine anayo sehemu ndani yake?

Wa kwanza ni mke, au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yasema kwamba nyumba ya ndoa, hata ikiwa ni mali ya mmoja wao, haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo. Nyumba ya ndoa ni ile ambamo mume na mke wanakaa pamoja. Wazee wetu walijua jambo hili kwa njia yao: mtu mwenye wake wawili ana nyumba mbili, na kila nyumba ina mwenyewe. Basi muuzaji akiwa na wake zaidi ya mmoja, uliza nyumba hii ni ya mama yupi, kisha umsikie mama huyo kwa masikio yako.

Ridhaa iandikwe. Usikubali kuambiwa, "Mke wangu anajua," wala, "Yuko kwao, atatia sahihi akirudi." Akirudi ndipo nawe ulipe. Mtu aliyenyamaza hajakubali, huenda hajaambiwa.

Wa pili ni warithi. Baba amefariki, na mtoto mkubwa anauza nyumba huku ameshika muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo ni mwanzo tu. Mwenye mamlaka ya kugawa au kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa watu wengi wa vijijini mahakama hiyo ni ya mwanzo. Omba kuona hati ya mahakama inayomtaja. Kama hana, mwambie aende mahakamani kwanza, nawe ukae na fedha yako. Hata akiwa nayo, uliza mjane na watoto wanakaa wapi. Ukinunua nyumba ambayo mjane yumo ndani, umenunua kesi.

SWALI LA PILI: Mwenyekiti wa kitongoji amegonga muhuri. Je, haitoshi?

Haitoshi. Hapa ndipo wengi tunapoanguka, nami nilianguka hapo hapo.

Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa sheria hiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji ni Halmashauri ya Kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi mwema. Awajua watu wake na mipaka yao, na ni vizuri awepo. Lakini yeye peke yake si Halmashauri. Hata Mwenyekiti wa Kijiji akikaa peke yake chini ya mti na muhuri wake, si Halmashauri. Halmashauri ni kikao: wajumbe wamekaa, jambo limesomwa, limejadiliwa, limekubaliwa, na limeandikwa katika muhtasari. Bila kibali hicho mauzo ya ardhi ya kijiji ni batili.

Jambo hili si geni. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya Methuselah Paul Nyagwaswa na Christopher Mbote Nyirabu, iliyohusu ardhi ndani ya kijiji kilichoandikishwa. Mahakama ilisema kwamba mauzo yaliyofanywa bila kibali cha Halmashauri ya Kijiji hayana nguvu. Tangu hapo ni miaka mingi, na mahakama zimeendelea kusema vivyo hivyo.

Usidhani sheria imeweka kibali hicho ili kusumbua watu. Halmashauri yapaswa kuangalia kama muuzaji atabakiwa na ardhi ya kumtunza yeye na wanaomtegemea. Yapaswa kuangalia pia kama mauzo yatamnyima mwanamke yeyote haki yake ya kukaa juu ya ardhi ile. Kama ni hivyo, iyakatae. Kama tungaliipeleka karatasi yangu mbele ya Halmashauri, mjumbe mmoja tu angaliuliza, "Na mama watoto yuko wapi?" Swali hilo moja lingaliokoa nyumba mbili.

Basi peleka ombi kwa Mtendaji wa Kijiji, subiri kikao, kisha omba nakala ya muhtasari yenye sahihi na muhuri. Kila shilingi unayolipa ofisini, dai risiti ya serikali. Na kama muuzaji ana Hati ya Hakimiliki ya Kimila, itazame: jina ni lake peke yake, au lake na la mkewe? Baada ya kununua, fuatilia mpaka jina lako liandikwe katika daftari la ardhi la kijiji.

SWALI LA TATU: Wakili ana kazi gani? Mbona karani aliye karibu aweza kuandika?

Niliulizwa swali hili na mtu aliyeshika kuku mkononi, kwa hiyo nalijibu kwa uangalifu.

Sheria ya Mawakili yakataza mtu asiye na sifa ya uwakili kuandaa hati za mali, pamoja na ardhi na nyumba, kwa malipo au kwa kutumaini malipo. Haikusema fedha tu; yasema ujira au faida yoyote. Kuku ni ujira. Tena hati ya namna hiyo yapaswa kuonyesha jina na anwani ya aliyeiandaa, ili ijulikane ni nani wa kuulizwa baadaye. Karatasi yangu haikuwa na jina langu mahali popote. Mwandiko tu ndio ulionitaja.

Jirani kumwandikia jirani bure si kosa. Lakini mwandiko mzuri si elimu ya sheria, na katika jambo linalomeza ng'ombe wa miaka kumi, yafaa kumtafuta mwenye elimu yake.

Wakili mwema hufanya kazi hizi: huuliza nani mwenye haki na huona ushahidi wake, hutaka ridhaa ya mke au mume kwa maandishi, hutazama kama kuna deni, rehani au kesi, huandika mkataba wenye majina kamili, mipaka, bei, namna ya kulipa, na nini kitafanyika upande mmoja ukivunja ahadi. Hushuhudia sahihi, na huwaongoza wahusika katika kulipa ushuru wa stempu. Ushuru huo usiudharau: hati isiyolipiwa ushuru unaotakiwa haipokewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ilipiwe.

Mambo manne uyakumbuke unapokwenda kwa wakili. Kwanza, hakikisha ni wakili kweli. Wakili huwa na leseni inayohuishwa kila mwaka, na jina lake hupatikana katika orodha ya mawakili ya Mahakama. Kijana mwenye simu aweza kukutazamia. Pili, uliza, "Wewe ni wakili wa nani?" Kama aliletwa na muuzaji na analipwa na muuzaji, huyo anatazama mambo ya muuzaji. Tatu, uliza gharama kabla ya kazi, na udai risiti. Nne, jua tofauti ya kushuhudia na kuchunguza. Wakili akigonga muhuri wa kamishna wa viapo, anasema tu kwamba fulani ametia sahihi mbele yake. Hasemi kwamba nyumba ni ya fulani. Watu wengi wameuona muhuri ule mwekundu, wakadhani umemaliza yote.

Na kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza nawe hukijui, usiweke dole gumba. Omba uandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekiweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hakuna sababu ya mtu kununua nyumba kwa lugha asiyoielewa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa elimu na ushauri bila malipo. Uliza katika ofisi ya wilaya Mugumu, au Tarime kwa wale wa huko, wakuonyeshe walipo.

SWALI LA NNE: Je, mwanamke aweza kununua au kuuza nyumba kwa jina lake?

Aweza. Swali hili niliulizwa na mama mmoja mjane aliyefuga kuku na kuweka akiba katika chama cha kina mama, naye ndugu za marehemu walimwambia kuwa ardhi haishikwi na mwanamke.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, yasema kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi haina nguvu. Mila nyingine zote njema zaendelea.

Na hata kabla ya sheria hiyo, ng'ambo ya ziwa letu, mkoani Kagera, palikuwa na kesi ambayo kila mtu wa vijijini angefaa kuijua. Mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Akajiona anazeeka na hana wa kumtunza. Mwaka 1988 akaliuza shamba lile kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo wao, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephraim, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli, kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema hivyo. Mahakama ya Mwanzo ikampa mpwa ushindi; ya Wilaya ikalipindua. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile inapingana na Katiba ya nchi, ambayo inakataza ubaguzi, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Ukoo ukitaka kulikomboa shamba, basi wamrudishie mnunuzi shilingi 300,000 zake.

Nikamsomea mjane wetu habari hiyo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe naye alikuwa peke yake." Siku ya pili alikwenda kwa Mtendaji.

SWALI LA TANO: Shemeji yangu ni wa upande wa Kenya. Je, aweza kununua hapa?

Swali hili ni letu hasa, maana Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, na harusi hazijui mpaka. Undugu ni undugu, lakini hakimiliki ya kimila katika ardhi ya kijiji ni ya raia wa Tanzania. Asiye raia hawezi kuipata kwa kununua kwa jirani. Wala usikubali kununua kwa jina lako kwa fedha yake. Siku mkikosana, yeye hana hati na wewe huna amani. Na siku ukifariki, watoto wako hawatajua neno mlilopeana gizani.

Kwa raia anayetoka kijiji kingine, mlango uko wazi. Lakini sheria yataka awe mtu anayekaa au anayekusudia kuja kukaa au kufanya kazi katika kijiji kile. Halmashauri itamwuliza, naye ajibu kweli.

SWALI LA SITA: Mwanangu anataka kununua kiwanja mjini, Mugumu au Musoma. Je, mambo ni yale yale?

Mengine ni yale yale: mwenye haki, mke, warithi, maandishi. Lakini kiwanja cha mjini kilichopimwa huwa na hati miliki, na hati hiyo imeandikishwa kwa Msajili wa Hati. Usitosheke kuonyeshwa karatasi. Fanya upekuzi kwa Msajili. Kwa ada ndogo utajua jina lililoandikwa ni la nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio. Mke asiyekubali nyumba iuzwe aweza kuweka zuio kama hilo, na mnunuzi mwenye busara akiliona hurudi nyuma. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, yataka mkataba wa mauzo uwe wa maandishi. Na mkataba peke yake haubadilishi jina katika daftari la Msajili. Fuatilia uhamisho mpaka mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari.

SWALI LA SABA: Nimekwisha kununua, na sasa kuna ugomvi. Niende wapi?

Usishike panga, wala usivunje nyumba. Nenda kwanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na kwa sheria wasiopungua watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Ukishindwa hapo, liko Baraza la Kata. Zamani Baraza la Kata liliweza kukata shauri la ardhi, lakini tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa katika siku 30, litoe hati ya kusema limeshindwa, nawe utaichukua kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kutoka hapo kuna rufaa Mahakama Kuu.

Wala usikae kimya miaka na miaka ukisema Mungu ataona. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake. Ikipita, mlango wa mahakama unafungwa, hata kama haki ilikuwa yako.

Sasa nimalizie habari ya mzee wangu, maana najua mnaingoja.

Shauri lilikwenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Nami niliitwa, nikaketi kwenye benchi pamoja na mashahidi, na karatasi yangu ikasomwa kwa sauti. Maneno yale makubwa, mbele za watu, yalikuwa mepesi kama makapi. Mama mmoja mjumbe aliuliza maswali mawili tu: "Mke alitia sahihi wapi?" na "Halmashauri ilikaa lini?" Hapakuwa na jibu.

Yule kijana alirudishwa na baba yake kutoka machimboni. Sehemu ya fedha ilikuwa imekwisha. Wakapatana mbele ya Baraza: nyumba ibaki kwa mke na mtoto, na ukoo wa kijana umrudishie mzee ng'ombe wake sita. Mpaka leo wamelipa wanne. Mzee na mama wamerudi kule mlimani, na siku za zahanati mama hubebwa kwa pikipiki, akiwa amefumba macho kwa maumivu kila gurudumu linapogonga jiwe. Mimi humwona akipita.

Nilikwenda kwa mzee kumwomba msamaha, nikachukua kuku. Akacheka. "Mwalimu," akasema, "yule wa kwanza ulikwisha mla. Huyu mrudishe bandani. Lakini mwingine akija kwako na fedha mkononi, mwulize yale ambayo hukuniuliza mimi."

Basi nawapa ninyi maswali hayo, muyakate gazetini na kuyabandika ukutani karibu na kalenda:

Mke au mume yuko wapi, na ametia sahihi?

Kama mwenyewe amefariki, msimamizi wa mirathi ni nani, na hati yake ya mahakama iko wapi?

Halmashauri ya Kijiji ilikaa tarehe gani, na nakala ya muhtasari iko wapi? Kama ni mjini: upekuzi wa Msajili wasemaje?

Majirani wa pande zote nne wametembea mipakani pamoja nasi, mkonge kwa mkonge?

Mkataba umeandikwa na nani mwenye sifa, kwa lugha ninayoielewa, na jina lake limo?

Fedha italipwa mbele ya nani, na kwa risiti gani?

Swali moja likikosa jibu, fedha irudi mfukoni. Muuzaji akisema kuna mnunuzi mwingine anangoja nje, mwache huyo mwingine aingie.

Wiki iliyopita walikuja tena watu wawili ofisini, mmoja na bahasha, mwingine na ufunguo. Waliniomba niwaandikie. Niliwakaribisha viti, nikageuka nyuma, nikalishusha daftari la ndoa kutoka rafuni, nikamwuliza mwenye ufunguo, "Mama hajambo? Mbona hukuja naye?"

Akatazama chini. Yule mwenye bahasha akairudisha ndani ya koti. Tukakubaliana waje tena Jumatatu, watatu.

Karani wa Parokia, Kenyamonta